Tamathali na Muundo katika Soneti: Suala la Kuwafundisha Vijana Uchambuzi

UTANGULIZI

Katika madarasa ya fasihi ya shule za sekondari, uchambuzi wa shairi umezoeleka kugawanywa mafungu mawili. Upande mmoja huwekwa maudhui, na upande wa pili huwekwa fani. Ndani ya fani huorodheshwa tamathali za usemi, kisha muundo, kila kimoja chini ya kichwa chake. Mgawanyo huu una manufaa yake: humpa mwalimu utaratibu, humpa mtahini njia ya kugawa alama, na humpa mwanafunzi mahali pa kuanzia. Hata hivyo una hasara kubwa. Kijana wa miaka 16 hutoka darasani akijua kwamba shairi fulani lina sitiari 3, tashbihi 2 na mishororo 14, asijue kwa nini sitiari ya kwanza haikuwekwa mahali pa ile ya tatu, wala shairi lingepoteza nini lau ingewekwa huko.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tamathali na muundo havifundishiki vizuri vikitenganishwa, na kwamba soneti ni chombo kinachofaa sana kulidhihirisha jambo hilo mbele ya vijana. Hoja ya msingi ni hii: katika soneti iliyotungwa vyema, tamathali hupata nguvu yake kutokana na mahali ilipowekwa, na muundo nao hauonekani ila kwa kuifuata tamathali hatua kwa hatua. Mifano imechukuliwa katika soneti za William Shakespeare zilizochapishwa London mwaka 1609. Mwishoni yatatazamwa mafunzo ambayo mwalimu wa ushairi wa Kiswahili anaweza kuyachuma katika zoezi hili.

1. ASILI NA UMBO LA SONETI

Neno soneti limetokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya wimbo mdogo. Utungo huu ulizaliwa Sicily katika nusu ya kwanza ya karne ya 13, katika baraza la Mfalme Frederick wa Pili, na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Giacomo da Lentini, mwandishi wa hati katika baraza hilo. Aliyeueneza ni Francesco Petrarca (1304–1374), ambaye diwani yake ina tungo 366, na kati ya hizo 317 ni soneti.

Soneti ya Petrarca ina mafungu mawili. Fungu la kwanza lina mishororo 8 yenye vina viwili tu vinavyopokezana, na fungu la pili lina mishororo 6 yenye vina vingine. Baina ya mafungu hayo, aghalabu katika mshororo wa 9, hoja hugeuka. Waitaliano huliita jambo hilo volta. Katika makala haya litaitwa mgeuko.

Katika karne ya 16, Thomas Wyatt na Henry Howard, Mtemi wa Surrey, waliuingiza utungo huu katika Kiingereza. Hapo umbo lilibadilika. Maneno ya Kiitaliano, kama yale ya Kiswahili, karibu yote huishia kwa irabu, na kwa hiyo vina hupatikana kwa wepesi. Kiingereza hakina wepesi huo, na kurudia kina kimoja mara nne katika mishororo 8 ni mzigo mzito. Surrey aliupunguza mzigo huo kwa kuigawa soneti katika mafungu matatu ya mishororo 4, kila fungu likiwa na vina vyake vinavyopishana, kisha akamalizia kwa jozi ya mishororo 2 yenye kina kimoja. Umbo hili ndilo alilolitumia Shakespeare, na ndilo linaloitwa soneti ya Kiingereza.

Badiliko hilo halikuwa la vina peke yake. Soneti ya mafungu mawili humwalika mshairi aseme jambo kisha alijibu. Soneti ya mafungu matatu na jozi humwalika aseme jambo mara tatu kwa njia tatu, kisha akate shauri. Kwa hiyo umbo lenyewe limekwisha kuelekeza namna ya kufikiri kabla hata neno la kwanza halijaandikwa. Hilo ndilo jambo la kwanza linalofaa kumfikia mwanafunzi.

Kuhusu kipimo, mwalimu hana budi kutahadhari. Mshororo wa soneti ya Kiingereza kwa kawaida una silabi 10, lakini kinachopimwa hasa ni mapigo 5 ya mkazo, kila pigo likitanguliwa na silabi isiyotiwa mkazo. Katika Kiswahili mkazo una mahali pake pa kudumu, yaani silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na kwa sababu hiyo malenga huhesabu silabi zote bila kubagua. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu mizani atahesabu silabi 10 za Kiingereza na kudhani amemaliza kazi, ilhali pigo lenyewe hajalisikia. Dawa yake ni kusoma kwa sauti.

2. KASORO YA KUORODHESHA

Uchambuzi mwingi wa vijana huishia katika kutaja. Mwanafunzi hufundishwa majina ya tamathali, akapewa fasili ya kila moja, kisha akatakiwa kuzisaka katika shairi. Majina yenyewe hutatanisha: dhana ambayo kitabu kimoja hukiita sitiari, kingine hukiita istiara, na neno jazanda hutumika mara kwa maana ile ile, mara kwa maana pana zaidi ya picha inayojengwa na shairi zima. Saa nyingi za darasani hupotea katika kubishania jina, na tamathali yenyewe ikasahauliwa.

Kasoro hii si ya Kenya peke yake. Nchini Uingereza, mtihani wa GCSE wanaoufanya vijana wa miaka 16 humtaka mtahiniwa achambue lugha, umbo na muundo kwa jinsi vinavyozaa maana na athari. Na soneti ya Percy Bysshe Shelley iitwayo Ozymandias, ya mwaka 1818, ni miongoni mwa tungo zinazosomwa kwa ajili ya mtihani huo. Hata hivyo walimu wa huko nao hulalamika kwamba wanafunzi wengi husaka tamathali kama wanaookota kokoto: wanajua wameokota ngapi, wala hawajui za kujengea nini.

Chanzo cha kasoro ni imani kwamba tamathali ni pambo. Likiwa pambo, laweza kuondolewa na nyumba ikabaki imesimama. Mwanafunzi anayeamini hivyo hujibu kila swali kwa sentensi moja, kwamba tamathali hiyo inalipamba shairi na kumvutia msomaji. Jibu hilo laweza kuandikwa juu ya shairi lolote duniani, na kwa hiyo halielezi shairi hata moja.

3. MFANO WA KWANZA: SONETI YA 73

Soneti ya 73 yafaa kuwa somo la kwanza kwa sababu mpango wake ni dhahiri. Msemaji ni mtu anayeuona uzee wake, naye anazungumza na mtu ampendaye. Katika kila fungu anamwambia kwamba kuna kitu anachokiona kwake. Katika fungu la kwanza kitu hicho ni mti uliokwisha kupukutika majani wakati baridi inapokaribia. Katika la pili ni mwanga hafifu unaobaki baada ya jua kutua. Katika la tatu ni moto uliofifia juu ya majivu ya kuni zake zenyewe. Jozi ya mwisho inasema kwamba mpendwa anapoyaona hayo upendo wake huzidi nguvu, kwa kuwa anampenda mtu ambaye ataachana naye kabla ya muda mrefu.

Mwanafunzi anayeorodhesha ataandika kwamba kuna sitiari tatu za uzee. Ni kweli, lakini ndipo kazi inapoanza. Mwalimu aulize maswali mawili. La kwanza: kila mfano unachukua muda gani? Mti unapimwa kwa mwaka, jioni inapimwa kwa siku, na moto unapimwa kwa saa chache. Muda unafupika kadiri shairi linavyosonga mbele, na msomaji anahisi kifo kikikaribia ingawa hakuna aliyemwambia kwamba kinakaribia. La pili: ni kipi kati ya vitatu hivyo hurudi? Majani huchipua tena, na jua huchomoza tena. Kuni zikishakuwa majivu hazirudi. Mifano miwili ya kwanza ilikuwa imeacha mlango wa tumaini wazi. Wa tatu unaufunga. Tena moto huo unazimwa na kile kile kilichoulisha, kama maisha yanavyomalizwa na kule kuishi.

Hapo mwanafunzi huona kwamba mpangilio wa mafungu ndio hoja yenyewe. Moto ungewekwa mwanzo na mti mwisho, maneno yangebaki yale yale, lakini shairi lingekuwa la faraja. Jozi ya mwisho nayo isingekuwa na sababu ya kuhimiza, maana jambo litakalorudi halina haraka.

Ndani ya fungu la kwanza kuna tamathali juu ya tamathali. Matawi matupu yanafananishwa na sehemu ya waimbaji katika kanisa lililobomoka, mahali ambapo ndege walikuwa wakiimba. Picha hii ina historia. Kati ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa nchini Uingereza, na magofu yake yalikuwa yakionekana wazi wakati wa Shakespeare. Kijana akielezwa hayo anatambua kwamba sitiari haitungwi hewani. Huchukuliwa katika vitu ambavyo watu wa mahali fulani wameviona kwa macho yao.

4. MFANO WA PILI NA WA TATU: SONETI ZA 18 NA 130

Soneti ya 18 inathibitisha kwamba tamathali ina kwao. Msemaji anauliza kama amlinganishe mpendwa na siku ya majira ya joto. Kijana wa Garissa au Lodwar aweza kustaajabu ni sifa gani hiyo, maana kwake siku ya joto kali ni adha. Hapana budi aelezwe kwamba Uingereza ina baridi ya miezi mingi, na kwamba majira ya joto huko ni mafupi, ya upole na yenye kungojewa kwa hamu. Bila maelezo hayo mwanafunzi atakariri kwamba ni sifa, asiisikie.

Muundo wake unakaribiana na ule wa Petrarca. Mishororo 8 ya kwanza inaonyesha kasoro za majira yenyewe: yana pepo, ni mafupi, jua lake huzidi au hufunikwa, na kila kizuri hupungua. Katika mshororo wa 9 hoja inageuka: majira ya mpendwa hayatafifia. Neno linalotaja majira ni lile lile, lakini limehama. Kabla ya mgeuko lilikuwa wakati wa mwaka. Baada yake ni uzuri wa mtu. Jozi ya mwisho inatoa sababu, kwamba shairi litampa uhai maadamu wako watu wa kusoma. Mwanafunzi afuate neno hilo moja tangu mwanzo hadi mwisho, naye ataugundua mgeuko bila kuambiwa uko mshororo wa ngapi.

Soneti ya 130 hufanya kinyume. Kwa mishororo 12 msemaji anazikataa tashbihi zilizozoeleka: macho si kama jua, midomo haina wekundu wa marijani, mashavu hayana mawaridi, sauti haishindi muziki. Vijana wengi hucheka na kusema anamtukana mwanamke. Mwalimu asiwakatize, kwa kuwa kicheko hicho ni sehemu ya muundo. Jozi ya mwisho inakuja na kiapo kwamba mpenzi huyo ni adimu sawa na yeyote aliyesifiwa kwa mifano ya uongo, na hapo ndipo inapodhihirika kwamba kilichokejeliwa ni mazoea ya washairi, wala si mwanamke. Kijana wa Kiswahili anayo njia ya karibu ya kulielewa hilo: amesikia mara nyingi uso ukifananishwa na mwezi wa kumi na nne na meno yakifananishwa na lulu. Na aulizwe, anayesifiwa kwa maneno ambayo kila mtu husifiwa kwayo, amesifiwa yeye?

Soneti hizi tatu zina idadi moja ya mishororo na mpango mmoja wa vina, lakini kila moja inageuka kwa njia yake. Isitoshe, katika diwani hiyo ya soneti 154, ya 99 ina mishororo 15, ya 126 ina 12, na ya 145 ina mishororo ya silabi 8. Mshairi mwenyewe hakuifanya hesabu kuwa pingu.

5. HATUA ZA KUFUNDISHA

Kutokana na uchunguzi huo, hatua zifuatazo zaweza kufuatwa katika vipindi viwili au vitatu.

(a) Kusoma kwa sauti. Soneti isomwe mara mbili kabla ya swali lolote: mara ya kwanza na mwalimu, mara ya pili na wanafunzi wanaopokezana sentensi kwa sentensi, si mshororo kwa mshororo. Kwa njia hii watasikia mahali sentensi inapovuka mpaka wa mshororo.

(b) Kueleza kwa lugha ya nathari. Kila fungu lielezwe kwa sentensi moja ya Kiswahili. Tafsiri za tamthilia mbili za Shakespeare alizozifanya Julius Nyerere, ya kwanza ikitoka mwaka 1963 na ya pili mwaka 1969, zilionyesha kwamba lugha hii inaweza kuubeba mzigo huo.

(c) Kutafuta viungo vya hoja. Wanafunzi wapigie mstari maneno yenye maana ya lakini, basi, hata hivyo, kwa hiyo. Maneno haya madogo ndiyo bawaba za soneti, na aghalabu mgeuko huning'inia hapo.

(d) Kuficha jozi ya mwisho. Wanafunzi wapewe mishororo 12 peke yake, kila mmoja aandike kwa nathari anachodhani kitafuata. Wakifunuliwa jozi, walinganishe. Tofauti baina ya walichotazamia na walichokipata ndiyo kazi ya muundo.

(e) Kupanga upya. Mafungu yaandikwe katika karatasi mbalimbali, yachanganywe, kisha kila kundi liyapange na kutetea mpango wake. Kundi likidai kwamba mpango wowote unafaa, liulizwe ni kitu gani kinachopotea.

(f) Kupima mfano. Kwa kila tamathali pawe na maswali matatu: ni nini kinachofananishwa, kinafananishwa na nini, na mfanano unakoma wapi? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa, na mara nyingi ndilo lenye jibu lenye thamani.

(g) Kuandika aya moja. Mwanafunzi atakiwe kuitaja tamathali pamoja na mahali pake. Tofauti baina ya majibu mawili yafuatayo juu ya soneti ya 73 yatosha kuonyesha lengo.

Jibu dhaifu: Mshairi ametumia sitiari. Mfano ni moto. Sitiari hii inalipamba shairi na kumvutia msomaji.

Jibu imara: Katika fungu la tatu msemaji anajifananisha na moto unaofifia juu ya majivu yake. Mti utachipua na jua litachomoza, lakini kuni zilizoungua hazirudi. Kwa kuuweka moto mwisho, mshairi anamwondolea msomaji tumaini aliloachiwa na mifano miwili ya kwanza, na ndiyo maana mishororo miwili ya mwisho inahimiza upendo wa sasa.

Jibu la pili halina istilahi nyingi kuliko la kwanza; limetumia chache zaidi. Lakini haliwezi kuhamishiwa katika shairi jingine.

6. SONETI NA SHAIRI LA KISWAHILI

Yawezekana kuulizwa kama inafaa kumshughulisha kijana wa Afrika Mashariki na utungo wa Ulaya, ilhali anao ushairi wake wenye umri mrefu. Swali ni la haki. Jibu lake si kwamba soneti ni bora. Ni kwamba mazoea hufunika macho. Mwanafunzi wa Kiswahili ameambiwa tangu shule ya msingi kwamba tarbia ina mishororo 4, kwamba kila mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16 iliyogawanyika nane kwa nane, na kwamba kuna vina vya kati na vya mwisho. Ameyasikia hayo mno hata haulizi yana kazi gani. Katika soneti, ambayo ni ngeni kwake, analazimika kuuliza. Na akishazoea kuuliza, anaweza kurudi nyumbani na swali lile lile.

Akirudi nalo ataona tofauti yenye manufaa. Soneti haina kibwagizo. Hutegemea mgeuko mmoja, na ikishageuka imekaribia kwisha. Shairi la Kiswahili lenye kibwagizo hurudi mahali pamoja mwishoni mwa kila ubeti. Mwanafunzi wa kuorodhesha huandika kwamba kibwagizo kinasisitiza ujumbe. Mwanafunzi aliyefunzwa na soneti atauliza kama maneno yale yale yana maana ile ile katika ubeti wa kwanza na wa sita. Mara nyingi hayana. Katika ubeti wa kwanza kibwagizo chaweza kuwa onyo, katika wa tatu lawama, na katika wa mwisho maombolezo, bila silabi moja kubadilika. Huo nao ni mgeuko, ila umefanywa kwa kusimama pamoja huku mambo yote mengine yakizunguka.

Mtazamo huu unagusa pia mjadala wa vina na mizani. Kaluta Amri Abedi alizieleza sheria za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954. Katika miaka ya 1970 Euphrase Kezilahabi, katika Kichomi (1974), na Mugyabuso Mulokozi pamoja na Kulikoyela Kahigi, katika Mashairi ya Kisasa (1973), walitunga nje ya sheria hizo, na mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Darasani mjadala huo hufupishwa kuwa swali moja: je, utungo usio na vina ni shairi? Swali lenye faida zaidi ni hili: vina na mizani vinapokuwapo vinafanya kazi gani, na visipokuwapo ni kitu gani kilichoshika kazi hiyo? Kijana aliyepanga upya mafungu ya soneti kwa mikono yake anaweza kulijadili swali hilo kwa ushahidi.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba soneti inawafaa vijana kwa sababu ni fupi kiasi cha kushikwa yote kwa kipindi kimoja, na kwa sababu mgeuko wake haufichiki kwa muda mrefu. Imeonyeshwa pia kwamba tamathali ikisomwa pamoja na mahali pake huacha kuwa pambo, ikawa hatua katika hoja. Mabadiliko yanayotakiwa si ya mtaala mzima. Swali la mtihani linalosema taja tamathali tatu na utoe mifano lingeweza kubadilishwa liseme chagua tamathali moja na ueleze kwa nini imewekwa pale ilipo. Tangu mtihani wa KCSE ulipoanza mwaka 1989, vijana wa Kenya wamejifunza kusoma kwa namna wanavyoulizwa. Wakiulizwa idadi watahesabu. Wakiulizwa sababu watasoma.

Wengi wa vijana hao hawatakuwa wahakiki wala malenga. Lakini watasikiliza hotuba, mahubiri na matangazo, na kote huko watakutana na mifano iliyopangwa kwa makusudi ili iwapeleke mahali. Kujua kwamba mfano umewekwa pale ulipo kwa sababu, na kuweza kuitaja sababu hiyo, ni kinga ambayo orodha ya majina haitampa mtu yeyote.